Picha ya Lewis si ramani ya seremala

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni seremala hapa Unguja. Mteja kaniletea nakala ya picha ya Mwingereza John Frederick Lewis, "The Reception", ya mwaka 1873. Ni ukumbi wa nyumba ya Cairo, una kidimbwi katikati ya sakafu na madirisha ya mashrabiya, yale ya wavu wa mbao. Anataka sebule yake iwe vile vile. Naweza kuchukua vipimo humo?

JIBU: Marahaba. Vipimo usichukue. Ile kazi ya mbao, itazame mpaka uchoke.

Lewis hakuwa mpita njia. Alikaa Cairo miaka kumi, 1841 hadi 1851, mtaa wa Azbakiyya, akivaa kama wenyeji. Lakini picha uliyo nayo aliipaka kwao Walton-on-Thames, miaka 22 baada ya kuondoka, akitegemea michoro ya penseli na rangi za maji aliyorudi nayo. Dirisha lile aliliona kwa macho yake. Nani aketi chini yake, hilo aliliamua mwenyewe.

Tazama watu. Chumba kile ni mandara, ukumbi wa chini ambamo mwenye nyumba hupokea wanaume wenzake. Lewis kaujaza wanawake! Kwetu ni kama upite njiani ukute shughuli ya kina mama imeandaliwa barazani. Mwanamume mgeni hakuruhusiwa kupanda harimu, sehemu ya wanawake wa nyumba, basi yeye akawashusha wanawake kwa brashi. Mfaransa Henriette Browne, kwa kuwa ni mwanamke, aliingia harimu Istanbul, na picha aliyoionyesha Paris mwaka 1861 ina chumba karibu kitupu na wanawake waliovaa kwa stara, wanaamkiana. Wateja hawaniletei hiyo.

Sasa mbao. Mashrabiya ni vipande vidogo vilivyokerezwa, vinaungwa kwa ulimi na tundu, bila msumari wala gundi. Sababu ni hewa ya Cairo: joto kavu hupasua ubao mpana, bali kipande kidogo husinyaa na kutanuka ndani ya tundu lake na wavu wote ukabaki mzima. Tena Misri mbao kubwa zilikuwa adimu, na kwa mtindo huu hata kipande kifupi hakitupwi. Wewe uko kwenye unyevu, kwa hiyo usibane ndimi sana. Masika yatakuvimbishia fremu mpaka ipinde.

Kitu kingine: wavu hausukwi sawa toka juu hadi chini. Usawa wa macho ya aliyeketi matundu huwa madogo, ili aone njia bila kuonekana. Juu hupanuliwa, hewa na mwanga viingie. Ukikereza saizi moja dirisha zima, utakuwa umetengeneza pambo tu.

Kwa nini nakukataza vipimo? Ujana wangu nilimchorea mtu ngazi ya kupandia iwani, ile sehemu ya sakafu iliyoinuliwa ambapo watu huketi, nikikadiria kwa urefu wa mtu aliyesimama pichani. Ikatoka ya kurukwa, si ya kupandwa. Mchoraji hukuza au hupunguza mtu ili picha ikae vizuri, naye hana fundi wa kumlalamikia.

Vipimo vitafute kwenye nyumba yenyewe. Bayt al-Suhaymi, uchochoro wa Darb al-Asfar, ilianza kujengwa 1648, ikapanuliwa 1796, na wageni huingia. Ukikosa nauli, tafuta michoro ya rangi za maji ya Frank Dillon, Mwingereza mwingine, ambayo baadhi iko Victoria and Albert Museum, London. Huyu alizichora nyumba za Cairo akijua zinabomolewa, na kwake chumba ndicho kilichokuwa habari yenyewe. Kwa fundi ni shahidi bora kuliko Lewis, ingawa mteja wako atasema picha zake zimepoa.

Na huenda mteja hakupenda mbao hata kidogo. Angalia tena nakala yako: kinachovuta jicho ni jua lililopita kwenye wavu likamwagika sakafuni punje punje. Dirisha likiwa limezibwa na jengo la jirani, hata ukereze miezi sita punje hizo hatazipata. Niandikie ukuta wake unaelekea wapi na jua linaupiga saa ngapi, ndipo tuzungumze ukubwa wa matundu.