Mjomba, kuhusu vyombo vya habari vya Marekani ulivyoniuliza

Shikamoo Mjomba, na ninyi nyote hapo nyumbani Tanga, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Siku ile tulipozungumza kwa simu baada ya arobaini ya Shangazi, uliniuliza swali ambalo sikulijibu ipasavyo, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na kila mmoja alitaka kunisalimu. Uliuliza hivi: nchi ambayo gazeti halifungiwi na mtangazaji hakamatwi, inakuwaje watu wake washindwe kukubaliana hata juu ya jambo lililotokea mchana kweupe? Mpwa wangu, ambaye sasa anasomea uandishi wa habari Dar es Salaam, akadakia kwamba anatamani kufanya kazi katika vituo vya Marekani kwa kuwa huko mwandishi hamwogopi mtu. Nimekaa na swali hilo kwa muda, nami nalijibu kwa kirefu, kwa sababu mnaiona Marekani kupitia king'amuzi, na picha ile iliwahi kunipotosha hata mimi kabla sijafika na kwa miaka kadhaa baada ya kufika.

Uhuru mnaousikia upo, na sitaki mtu adhani ninaukana. Tunakumbuka mwaka 2018 jinsi majirani zetu wa Kenya walivyozimiwa NTV, KTN na Citizen TV kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga. Tangu nihamie hapa sijaona serikali ikizima kituo kwa namna hiyo, na mtu anaweza kumsema Rais asubuhi mpaka jioni kisha akalala kwake salama. Lakini nilipokuwa nyumbani nilidhani kwamba serikali ikiondoa mkono wake, kinachobaki ni ukweli. Kumbe kinachobaki ni mwenye mali, na yeye ana hesabu zake.

Mnajua kwamba ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee jijini Columbus, jimbo la Ohio. Ninawaogesha, ninawavisha, na wale wasioweza kushika kijiko ninawalisha. Katika korido yangu kuna vyumba viwili vinavyotazamana. Chumba cha kushoto anakaa mzee aliyekuwa dereva wa malori, na cha kulia anakaa bibi aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Wote ni wazaliwa wa Ohio, wote ni watu wema, na wote wananung'unikia bei ya dawa na watoto wasiokuja kuwaona. Runinga zao huwashwa kabla ya chai ya asubuhi na kuzimwa na watu wa zamu ya usiku. Kila chumba kina chaneli yake ya habari isiyobadilishwa, na nikisimama katikati ya korido milango ikiwa wazi, nasikia nchi mbili zinasimuliwa kwa wakati mmoja, moja sikio hili na nyingine sikio lile. Jambo lililozungumzwa mchana kutwa katika chumba kimoja, mwenye chumba cha pili huwa hajalisikia hata kidogo.

Tarehe 10 Septemba 2024 ulifanyika mdahalo wa Donald Trump na Kamala Harris, waliokuwa wakigombea urais, na hapo Trump akasema kwamba wahamiaji katika mji wa Springfield wanakula mbwa na paka wa watu. Springfield iko Ohio hii hii, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka ninapoishi, na wahamiaji waliokuwa wakisemwa ni Wahaiti. Mtangazaji wa kituo cha runinga cha ABC, David Muir, alimjibu palepale kwamba uongozi wa mji haukuwa na taarifa yoyote ya kuaminika kuhusu jambo hilo. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, ambaye ni wa chama hichohicho cha Trump, Republican, naye alikanusha. Haikusaidia. Katika siku zilizofuata vilitolewa vitisho vya mabomu visivyopungua 33 katika mji ule, na watoto wakaondolewa shuleni.

Asubuhi moja katika wiki hiyo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya yule mzee dereva, namvalisha soksi, kwa sababu miguu yake huvimba na soksi zake zinabana. Akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuudhi: "Ni kweli kwamba watu wenu wanakula paka?" Huyu ni mzee ambaye huniombea dua kila ninapomaliza zamu. Hakuuliza kwa chuki. Aliuliza kwa kuwa sauti anayoiamini, iliyoko chumbani mwake saa kumi na sita kwa siku, ilikuwa imelirudia jambo hilo mpaka likawa na uzito wa kitu kinachojulikana. Nilimwambia si kweli, na kwamba mimi si Mhaiti, na kwamba hata Wahaiti hawakufanya hivyo. Akaniamini, akanishika mkono.

Ila nawaomba msidhani kosa lilikuwa la chumba cha kushoto peke yake. Chaneli ya bibi nayo ilikaa na paka hao kwa siku nyingi, ikiwakejeli waliosema na kuionyesha tena na tena ile sauti ya kwenye mdahalo. Nilingoja katika vyumba vyote viwili kusikia habari ya Springfield yenyewe: kwamba ulikuwa mji uliopungukiwa na watu kwa miongo mingi, kwamba viwanda na maghala yalihitaji wafanyakazi, kwamba Wahaiti walifika kwa maelfu ndani ya miaka michache tu, kodi za nyumba zikapanda, na kliniki na shule zikaelemewa. Hayo ni mambo mazito, na Mmarekani wa Springfield anayelalamikia kodi ana haki ya kusikilizwa kama Mhaiti anayelala kwa hofu. Yalipitishwa haraka haraka. J. D. Vance, wakati huo seneta wa Ohio na mgombea mwenza wa Trump, aliiambia CNN kwamba ikiwa itabidi atengeneze hadithi ili vyombo vya habari viangalie mateso ya Wamarekani, basi atafanya hivyo, ingawa aliongeza kwamba alikusudia kuvielekeza vyombo vya habari kwenye jambo hilo, si kubuni uongo. Vyovyote alivyokusudia, maneno yake yanaeleza jinsi soko hili linavyofanya kazi: shida ya kodi ya nyumba hainunuliki, paka ananunulika.

Kusema soko si kuwasingizia. Mwaka 2016, wakati kampeni ya Trump ilipokuwa imevuta watazamaji wengi kupita kawaida, Les Moonves, mkuu wa kampuni ya runinga ya CBS, aliwaambia wawekezaji kwamba huenda jambo hilo si zuri kwa Marekani, lakini ni zuri sana kwa CBS. Kituo huuza muda wa matangazo, na muda wenye watazamaji wengi wasiobandua macho huuzwa ghali. Chaneli za kebo zinalipwa pia na kampuni za kebo kwa kila nyumba iliyounganishwa, hata kama mwenye nyumba hazitazami. Katika hesabu hizo, mtu aliyekasirika ni mteja mzuri kuliko mtu aliyeelewa, kwa sababu aliyeelewa huzima runinga na kwenda kulala.

Zamani kulikuwa na sheria zilizolizuia hili kidogo. Tangu mwaka 1949, kituo kilichopewa leseni ya kutumia mawimbi ya umma kilitakiwa kujadili mambo yenye mvutano na kutoa nafasi kwa pande zinazopingana. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1987, wakati wa Rais Reagan. Kisha mwaka 1996 Rais Bill Clinton, wa chama cha Democratic, alitia saini sheria ya mawasiliano iliyoondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kikomo kilikuwa 40. Baada ya miaka michache kampuni moja, Clear Channel, ilikuwa na redio zipatazo 1,200. Mji mdogo wa Minot, North Dakota, ulikuwa na redio sita za biashara, zote za kampuni hiyo. Usiku wa Januari 2002 treni iliyobeba amonia ilipinduka pale, gesi ikatanda, na polisi walipopiga simu redioni ili wananchi waonywe hawakupata mtu wa kuipokea. Kampuni ilisema lawama ni za polisi na mitambo yao ya dharura, na ubishi huo haukwisha. Mimi kinachoniuma ni kitu kidogo zaidi: mji una redio sita, na usiku wa hatari hakuna anayeinua simu.

Mpwa wangu, wewe uliyesema huku mwandishi hamwogopi mtu, soma habari za Februari 2003. Phil Donahue alikuwa na kipindi kilichotazamwa kuliko vingine vyote vya MSNBC, chaneli ya habari iliyokuwa chini ya NBC, na alikuwa akiwaalika watu waliopinga vita vya Iraki. Kipindi kikafutwa wiki chache kabla ya vita kuanza. Taarifa ya ndani iliyovuja ilieleza hofu kwamba angekuwa sura ngumu kwa NBC wakati wa vita. Mmiliki wa NBC wakati huo alikuwa General Electric, kampuni iliyokuwa pia ikiuza injini za ndege za kivita. Hakuna askari aliyekwenda kumkamata Donahue, na hakukuwa na haja. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Mei 2004, wahariri wa gazeti la New York Times walikiri kwamba baadhi ya habari zao za kabla ya vita hazikuchunguzwa vya kutosha. Kukiri huko ni heshima kwao, lakini waliokufa walikuwa wamekwisha kufa.

Na hofu hailetwi na mmiliki peke yake. Katika kesi ambayo Dominion, kampuni ya mashine za kupigia kura, iliishtaki chaneli ya Fox News, ujumbe wa ndani wa chaneli hiyo ulionyesha kwamba baadhi ya watangazaji na wakubwa hawakuyaamini madai ya wizi wa kura za 2020 yaliyokuwa yakitangazwa kwao, ila waliogopa watazamaji wangewahama kwenda chaneli nyingine. Mwezi Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5 ili kesi isiendelee. Walikuwa wamemlea mtazamaji kwa miaka mingi kwa chakula cha aina moja, na siku walipotaka kumbadilishia wakaogopa atasusa.

Sasa nije kwenye jambo la hapa Ohio, ambalo sidhani lilifika kwenye king'amuzi chenu. Mwaka 2019 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwatoza wateja wa umeme zaidi ya dola bilioni 1 ili kuviokoa vinu viwili vya nyuklia. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili sheria hiyo ipigiwe kura, runinga zikajaa matangazo ya kulipiwa yaliyodai kwamba serikali ya China inataka kuteka umeme wa Ohio. Vituo vina hiari ya kukataa matangazo ya namna hiyo, kwa kuwa sheria inayovilazimisha kurusha bila kuhariri inahusu matangazo ya wagombea wenyewe. Vilipokea fedha. Saini hazikutimia. Julai 2020 Spika, Larry Householder, akakamatwa, na ikabainika mahakamani kwamba takriban dola milioni 60 zilipita kwa siri kutoka upande wa kampuni ya umeme ya FirstEnergy kwenda kwa kikundi chake ili sheria hiyo ipite na isifutwe. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Yaani, Mjomba, fedha za hongo ndizo zilizogharamia matangazo ya kuwatisha wananchi, na sehemu yake ikaishia kwenye hesabu za vituo vilevile ambavyo jioni ndivyo vinavyotegemewa kuwaeleza wananchi nani anawaibia. Waliolichambua jambo hili kwa uvumilivu walikuwa zaidi waandishi wa magazeti ya Ohio na redio za umma, na hao ndio wanaopungua. Tangu mwaka 2005 nchi hii imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, na mwezi Julai 2025 Bunge la Marekani likaondoa dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa utangazaji wa umma.

Umeniuliza pia kama Rais anaweza kuvibana vyombo hivi. Mwenye biashara nyingi ana mahali pengi pa kubanwa. Desemba 2024 ABC ilikubali kulipa dola milioni 15 kumaliza kesi aliyoifungua Trump, na Julai 2025 Paramount, wenye CBS, wakakubali milioni 16 kumaliza kesi yake nyingine dhidi ya CBS, wakati wakisubiri kibali cha serikali cha kuungana na kampuni ya filamu ya Skydance. Kibali kilitoka mwezi huohuo. Wanasheria wengi walisema kesi ile ya CBS ilikuwa dhaifu. Gazeti dogo lisilo na muungano wa kuombea kibali lingeweza kugoma.

Kwa hiyo mpwa wangu akitaka kuja, na aje, lakini asiangalie vituo vikubwa peke yake. Yapo magazeti madogo yanayoishi kwa michango ya wasomaji, yenye waandishi wanaokaa mpaka usiku katika vikao vya halmashauri ambako hakuna kamera hata moja. Nimewahi kuhudhuria kikao kimoja cha namna hiyo kuhusu njia za mabasi, maana basi ndilo linalonipeleka kazini, na tulikuwa watu kumi na mmoja ukumbini.

Yule mzee wa chumba cha kushoto aliniuliza tena wiki iliyofuata, swali lilelile, kwa upole uleule. Alikuwa hajasahau jibu langu. Alisema tu kwamba jana usiku wamelisema tena. Nilimjibu kama mara ya kwanza, nikamfunga kamba za viatu, na kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika nikamsukuma kwenye kiti chake hadi mezani, nikamweka karibu na yule bibi mwalimu, ambaye alimsogezea chumvi.