Kabla ya kumwita jambazi, soma hii (yaliyonikuta Ngamiani, Tanga)

Mkuu umeuliza kama hili neno la Waingereza, outlaw, ndilo jambazi letu, na kama watu wa namna hiyo bado wapo siku hizi. Naona wengi wamekujibu jambazi, haramia, mhalifu. Mimi napingana nao. Jambazi kaivunja sheria. Huyu outlaw, kwa asili ya neno, sheria ndiyo iliyomvua yeye ulinzi wake. Tofauti hiyo niliijua kwa miguu yangu kabla sijaisoma popote.

Uingereza ya zamani, mtu akituhumiwa kisha asitokee, aliitwa kwenye baraza la jimbo mara tano mfululizo. Ya tano ikipita hajaonekana, mali yake inakwenda kwa mfalme na yeye anahesabiwa kuwa na kichwa cha mbwamwitu. Ukikutana naye ukamuua, umeua mnyama tu. Angalia vizuri: kosa lenyewe bado halijathibitishwa na mtu, kinachommaliza ni kutokutokea. Kufika karne ya 14 walishazuia raia kujiulia hivyo, ila utaratibu wenyewe ulibaki vitabuni, na kwa kesi za jinai haukufutwa mpaka 1938! Iceland ndiko walikokuwa wakali zaidi. Aliyepewa adhabu kubwa walimwita mtu wa kwenda msituni, na kumlisha, kumlaza au kumvusha kwa chombo kulikuwa kosa. Sisi watu wa pwani tuna usemi wa "damu yake halali". Kama unatafuta tafsiri, mimi naona iko hapo.

Na kwetu wapo waliofanywa hivyo. Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Wajerumani utawala wa mwambao, na Agosti kampuni yao ikapandisha bendera Pangani. Abushiri bin Salim akainuka. Kwa karatasi, mwasi ni yeye, maana mkataba ulikuwa na saini ya Sultani. Ikatangazwa zawadi kwa atakayemleta, akakimbilia bara, na aliyemkamata ni jumbe wa huko huko. Akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sasa mtazame Bwana Heri wa Saadani. Alipigana vita hivyo hivyo, na Wajerumani hao hao, lakini mwaka 1890 alijisalimisha akasamehewa. Damu ya mtu ilihalalishwa na kuharamishwa kwa kadiri ilivyomfaa mwenye bunduki. Ndiyo maana huwa sishangai kumsikia mtu akiitwa mhalifu mwaka mmoja, kisha shujaa kwenye kitabu cha shule.

Swali lako la leo, sasa. Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 13, inasema mtuhumiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayemshuku, lakini amfikishe polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo kwenye vitabu hakuna tena mtu wa kichwa cha mbwamwitu. Kisha fungua gazeti: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Umeshawahi kujiuliza wananchi hao ni akina nani? Hawana majina, hawana mtaa. Hasira ndiyo imeua, kama vile radi.

Mimi nilikutana nao mwaka 2004, nikiwa na miaka 19. Mjomba alinituma soko la Mgandini na baiskeli yake, Phoenix nyeusi yenye keria nyuma. Wanaoijua Tanga wanajua baiskeli zile zikiegeshwa ukutani zinavyofanana, mapacha watupu. Nikanunua samaki na nazi, nikatoka, nikafunga kikapu kwenye keria, nikapanda. Sijafika mbali nikasikia, "Mwizi! Mwizi huyo!"

Wallahi nami niligeuka kumtafuta mwizi.

Nikaona kila mtu ananitazama mimi. Nikaitupa baiskeli nikakimbia, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana ukikimbia umeshakiri. Jiwe la kwanza likanipata mgongoni. Mbele yangu nikamwona kijana tuliyekuwa tukicheza naye mpira, ana kipande cha tofali mkononi. Sijui kama alinitambua. Mpaka leo tunasalimiana, na sijapata kumuuliza. Nyuma nikasikia mtu anauliza, "Tairi liko wapi?" Nimeiba nini, hakuna aliyeuliza.

Nilikata uchochoro nikatokea kwenye baraza ya bibi mmoja aliyekuwa anakuna nazi. Sikuwa namjua. Alinishika mkono akanisukuma ndani, akafunga mlango, akaisogeza mbuzi yake ya kukunia mpaka kizingitini akaikalia. Nikiwa ukumbini namsikia: "Mtoto kaingia kwangu. Mwenye shida naye akamwite balozi wa nyumba kumi kwanza." Wakatukana, wakapiga bati kwa mawe. Yeye anakuna nazi. Krr, krr, krr. Sauti ile nikiisikia leo moyo wangu unatulia.

Balozi alikuja na kofia yake ya kiua, akaingia ndani peke yake. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Wewe mtoto wa nani?" Ndilo swali la kwanza nililoulizwa siku ile. Nikamtaja mjomba. Akamtuma mtu sokoni, na baiskeli ya mjomba ikakutwa palepale ukutani, imeegemea kama nilivyoiacha.

Bibi yule nilikuwa nampelekea sukari kila Idi mpaka alipofariki. Nilimuuliza siku moja kwa nini alinifungulia mlango na huku hanijui. Akanijibu, "Ulikuwa na kiatu kimoja tu," akaendelea na kazi zake.

Mwenye baiskeli alikuja kwa mjomba kesho yake jioni kuomba radhi. Si mtu mbaya, baiskeli ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alipokunywa kikombe cha pili cha kahawa akaniambia, "Kijana, ningejua wewe ni mpwa wa mzee huyu, nisingepiga ukelele." Mjomba akacheka, wakaongezana kahawa. Mimi nilishindwa kucheka.