Anaumwa Tumbo Kila Jumatatu? Soma Hii Kabla ya Kumwita Mjanja

Mwalimu mmoja wa darasa la tatu ameniandikia. Ujumbe wake ni mrefu, kiini chake ni hiki: "Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume darasani, kila Jumatatu kabla ya kipindi cha pili analalamika tumbo. Amepimwa hospitali zaidi ya mara moja, hawakuona kitu. Wenzangu wanasema ni mjanja, nikimchapa ataacha. Mimi moyo unasita. Nifanyeje?"

Nimeshamjibu pembeni. Lakini ujumbe wa namna hii hunifikia kila shule zinapofunguliwa, na najua ninyi mnaonifuata hapa mnataka ninachokitaka mimi: darasa ambalo mtoto anaingia bila kutafuta kwanza mlango wa kutokea. Kwa hiyo leo naandika yote, hata yale ambayo bado yananiuma.

Tuanze na tumbo lenyewe. Linauma kweli. Utumbo una mishipa yake ya fahamu na unawasiliana na ubongo muda wote. Mtoto akishikwa na hofu, mwili humwaga adrenalini, damu hukimbilia kwenye misuli, tumbo hukaza. Madaktari wa watoto wanaifahamu vizuri hali hii ya maumivu yanayojirudia bila ugonjwa wowote kuonekana kwenye vipimo, na umri wa shule ya msingi ndio umri wake. Mtoto wa miaka minane au tisa hawezi kukueleza kwamba wasiwasi umemzidi tangu jana jioni. Anachoweza kukuonyesha ni mahali panapouma. Basi hospitali wakishasema hana kitu, kazi inahamia kwako wewe mwenye ratiba ya darasa. Jumatatu kipindi cha pili kuna somo gani? Anakaa na nani? Wikendi alilala kwa nani? Mapumziko yanayofuata anayatumia wapi, na nani yuko zamu?

Mimi haya nilijifunza kwa binti mmoja wa darasa la nne. Alikuwa akikosa swali anachana daftari. Hakuwa anachana kwa hasira ya kelele, hapana, alichana taratibu, vipande vidogo vidogo, huku anakutazama. Walimu waliomfundisha kabla yangu walinikabidhi na onyo: "Huyo ni jeuri, mwanzie mapema." Sikumwanza. Nilichofanya ni kitu kidogo mpaka naona aibu kukiita mbinu. Nilianza kusimama mlangoni kila asubuhi na kumsalimia kila mtoto kwa jina lake, mmoja mmoja, kabla hajakaa. Kando ya mlango nikabandika karatasi za rangi: ya njano kwa aliyekuja vizuri, ya buluu kwa mwenye huzuni, nyekundu kwa mwenye hasira, ya kijivu kwa asiyejua anajisikiaje. Mtoto anagusa moja akipita. Haelezi, haulizwi mbele ya wenzake.

Ofisi ya walimu ilicheka. Nikapewa jina, Mwalimu Bembeleza. Mmoja wetu alikuwa kila nikiingia anauliza kwa sauti kama leo nimewaimbia wakalala. Nilicheka nao, maana usipocheka unaonekana na wewe unahitaji kugusa karatasi. Lakini mtu asije akakuambia kwamba dhihaka ya ofisini haiumi kwa kuwa wewe ni mtu mzima. Inauma, na nyumbani unakwenda nayo.

Binti yule aligusa kijivu kila siku. Nami kila siku nikamwambia, "Nimeona. Karibu ndani." Basi. Nitaruka miezi ya katikati kwa sababu hakuna cha kusimulia, ilikuwa kijivu na karibu ndani, kijivu na karibu ndani. Halafu siku moja alibaki nyuma wenzake walipotoka mapumziko, akaniambia kwamba kaka yake aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani amekwenda shule ya bweni, na sasa kila akikosa anaambiwa kaka yako hakuwa hivi. Akasema akichana ukurasa, lile kosa halipo tena. Mtoto wa darasa la nne alikuwa amelifikiria jambo lake mpaka mwisho, sisi tumekaa ofisini tunaliita jeuri.

Hakuacha kuchana siku hiyo. Alianza kuchana ukurasa badala ya daftari zima, na mimi niliyahesabu hayo kuwa maendeleo makubwa. Baadaye tulikubaliana makosa yake ayaandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, ambayo ni ruhusa kuichana. Kufikia mtihani wa mwisho wa mwaka daftari lake lilikuwa zima, na alama zake zilikuwa za kumtosha yeye, achana na za kaka.

Sasa sikieni kilichofuata. Walikuja wageni kutoka ofisi ya elimu. Yule yule wa kuuliza kuhusu nyimbo akasimama mbele yao akaeleza karatasi za rangi, akaziita "utaratibu wetu wa shule". Alizieleza vizuri pia, hilo namkubalia. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Mpaka leo nikiona njano na kijivu vimekaa pamoja mahali, nakumbuka yale makofi.

Nimesema haya si kwa ajili ya kulalamika (sawa, kidogo ni kulalamika), bali kwa sababu mwalimu aliyeniandikia anaogopa kuchekwa. Dada yangu, utachekwa. Msalimie mtoto kwa jina hata hivyo.

Maana ukiondoa mbwembwe zote, kinachomshika mtoto shuleni ni mtu mzima mmoja anayetabirika. Hili halikuanza na mimi. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, na baada yake mwanasaikolojia Mary Ainsworth, walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtoto huthubutu kwenda mbali na kujaribu mapya pale anapokuwa na mtu wa kumrudia asiyebadilika badilika. Walianza na watoto wachanga na mama zao, lakini mtoto haachi hitaji hilo getini kwa sababu tu amevaa sare. Mwalimu anayecheka leo na kufoka kesho kwa kosa lile lile humchosha mtoto kuliko mwalimu mkali ambaye ukali wake unajulikana saa zake. Ndiyo, nimesema. Bora mkali anayetabirika kuliko mpole wa msimu.

Kuna wanaoniambia, "Mwalimu, silabasi ni ndefu, hisia tutazifundisha saa ngapi?" Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake huko Marekani walikusanya tafiti za programu 213 zinazofundisha watoto kutambua na kutuliza hisia zao, zikiwa na wanafunzi zaidi ya 270,000 kuanzia chekechea hadi sekondari. Waliofundishwa hawakuwa watulivu tu. Ukiwapanga wanafunzi mia kwa mstari wa ufaulu, yule wa katikati alisogea mbele nafasi 11. Hebu niambie ni zoezi gani la ziada la Jumamosi limewahi kukusogezea darasa zima hivyo. Dakika tano za mlangoni unazirudishiwa kwenye hesabu.

Na kuhusu kutaja hisia kwa jina, msidhani ni mchezo. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwaonyesha nyuso zenye hasira na hofu. Watu walipoitaja hisia waliyoiona, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, ilipunguza kelele. Hao walikuwa watu wazima. Kwa mtoto ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake, ile ya kujizuia, itaendelea kukua mpaka amevuka miaka ishirini, huwezi kumwambia "jizuie" ukategemea ajizuie kwa sababu umesema kwa sauti kubwa. Kumfokea mtoto aliyepandwa na hasira ni kumwagia maji mafuta yanayowaka. Punguza sauti yako kwanza. Inama umfikie. Mpumue pamoja, mkivuta kwa kuhesabu hadi 3 na kutoa kwa kuhesabu hadi 5, maana pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Ukishaona mabega yameshuka ndipo uulize kilichotokea. Maswali ya "kwa nini umefanya hivi" yaache mpaka baadaye, wakati mwingine mpaka kesho.

Mapumziko nayo yatazameni. Mara nyingi hofu inayoleta tumbo la Jumatatu huanzia kwenye uonevu wa chooni, kwenye foleni, nyuma ya madarasa, mahali pasipo na mtu mzima. Christina Salmivalli na wenzake huko Finland walionyesha mwaka 1996 kwamba uonevu si jambo la wawili, mwonevu na mwonewa. Darasa zima lina nafasi zake: wapo wanaomsaidia mwonevu, wapo wanaochekelea, wapo wanaogeuza uso, na wapo wachache wanaomtetea anayeonewa. Ndiyo maana kumwita mwonevu na kumchapa hakubadilishi kitu, hadhira yake bado imekaa pale pale inamsubiri. Zungumza na wanaochekelea. Mpe mtetezi mmoja mgongo wa kuegemea. Na wewe mwalimu wa zamu, toka kwenye kivuli, zunguka.

Nikirudi kwa wale walioshauri fimbo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, unasema kwenye kifungu cha 28 kwamba nidhamu ya shule lazima iendane na utu wa mtoto, na kifungu cha 12 kinampa haki ya kusikilizwa kwa mambo yanayomhusu. Unamchapaje mtu kwa kuumwa tumbo? Akiacha kulalamika baada ya fimbo, hajapona. Amejifunza kwamba wewe si wa kuambiwa. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Hao ni watoto walioko mbele yetu, na wengi wao watakuwa wameshajifunza kunyamaza kabla hatujajifunza kuuliza.

Jambo moja nataka mlishike hata kama mtasahau mengine. Mtoto akianza kukuamini atakuja siku moja na kusema, "Nikuambie kitu, lakini usimwambie mtu." Usiahidi. Mwambie: "Nitakusikiliza, na kama ni jambo la kukuumiza itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia, lakini nitakueleza kwanza ninamwambia nani." Wengi bado watasema. Akisema, usimhoji kama askari, usimwekee maneno mdomoni, usioneshe mshtuko. Andika baadaye maneno yake kama alivyoyasema, peleka siku hiyo hiyo kwa anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Mwalimu si mganga wa kila kitu. Huzuni isiyoondoka wiki baada ya wiki, mtoto anayejiumiza, anayezungumzia kufa, aliyeacha kula au kucheza, hao wanahitaji mtaalamu, na karatasi za rangi hazitoshi.

Na ninyi walimu wakuu mnaonisoma kimya kimya, najua mpo. Mnateua mwalimu wa unasihi, yaani wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, jina linabandikwa ukutani, halafu mnamwachia vipindi vyote alivyokuwa navyo na mnampa stoo ya mipira iwe ofisi yake. Mpunguzieni vipindi. Mpeni chumba chenye mlango unaofungika lakini wenye kioo, ili mtoto awe faragha na mwalimu awe salama, na viti viwili vya urefu sawa. Mkikosa bajeti ya yote, anzeni na viti, maana mtoto aliyekaa kwenye kiti kifupi mbele ya meza kubwa anajiona ameitwa kushtakiwa, hata umwongeleshe vipi.