Je, miaka sita ya kaka yako ni mitatu?

Pole sana, dada. Umeuliza kama kaka yako aliyefungwa miaka sita atatoka baada ya mitatu, kwa kuwa umesikia gerezani mchana na usiku vinahesabiwa siku mbili. Hiyo habari hata huku Tabora tumeikuta, na inawaumiza ndugu wanaongoja bure. Siku ni moja. Kinachopunguza kifungo ni msamaha wa theluthi moja ya kifungo, na mfungwa anaupoteza akivunja kanuni za gereza. Kwa hiyo miaka sita, akitulia, inabaki minne.

Parole, yaani kutolewa mapema kwa masharti, ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo mkazanie. Sheria ya Bodi za Parole ya Tanzania ya mwaka 1994 inawagusa wenye kifungo cha miaka minne au zaidi, waliokwisha kutumikia theluthi moja. Kaka yako alifungwa kwa wizi wa kawaida, si wa kutumia silaha, basi kosa halimzuii. Bodi ya parole ya mkoa hupendekeza, ya taifa humshauri Waziri wa Mambo ya Ndani. Akitoka kwa parole bado ni mfungwa anayemalizia kifungo nyumbani chini ya uangalizi. Akikiuka masharti anarudishwa ndani.

Mkienda gereza la Uyui kumwona, mwambieni amuulize ofisa wa gereza kuhusu parole. Na tafadhali, msimpe hela mtu yeyote anayedai "ataharakisha".