Rejesho la kila wiki, pesa ya msimu

Wadogo zangu mnaokuja Dodoma kuanza biashara, karibuni. Mji unakua, hilo halina ubishi. Serikali imehamia, wizara ziko Mtumba, treni ya umeme inashusha watu kutoka Dar tangu 2024, na kila ukigeuka kuna fremu mpya inapakwa rangi. Mimi niko soko la Majengo na mafuta ya alizeti na nafaka, na nimeshaona wengi wakifungua na wengi wakifunga. Waliofunga, wengi wao wateja walikuwepo. Kilichowatoa sokoni ni deni lililowanyima usingizi mpaka wakashindwa hata kuuza.

Pesa ya Dodoma haiji sawasawa mwaka mzima. Mvua huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo mkulima wa Kongwa, Bahi au Chamwino anashika pesa akishavuna, kuanzia Mei na kuendelea. Wenye zabibu wao wanavuna mara mbili kwa mwaka, wana afadhali. Mjini tunalitegemea Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni: nyumba za wageni zinajaa, mama lishe anaongeza sufuria, bodaboda hana muda wa kukaa kijiweni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakienda likizo ndefu, wauza chipsi wanapiga miayo. Halafu inakuja Januari na Februari: ada, sare, mbegu, mbolea, mahindi bei juu. Hapo vyuma vinakaza kwelikweli.

Sasa tazama mikopo inayotufuata mpaka mlangoni. Mingi inataka rejesho kila wiki, mingine kila siku. Chukua mfano: umekopa 500,000, unarejesha 50,000 kwa wiki, wiki 13. Jumla 650,000. Mwezi Juni faida yako ni 12,000 kwa siku, siku sita unapata 72,000. Ukitoa rejesho inabaki 22,000 ya kula na nauli. Unabanana lakini unakwenda. Februari faida ikishuka hadi 7,000, siku sita ni 42,000. Hata mkilala njaa nyumba nzima, umepungukiwa 8,000. Ndipo mtu anakopa kwa mwingine amlipe wa kwanza, na wiki inayofuata anadaiwa na wawili.

Msongo wa mawazo wa mfanyabiashara, kwa ninavyouona, mara nyingi unaanzia kwenye hesabu hiyo. Jirani yangu mmoja wa viatu alikuwa mtu wa utani sana. Ikawa ikifika Alhamisi jioni anaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Ijumaa anachelewa kufungua kwa sababu afisa mikopo anapita saa tatu. Mteja akiuliza bei mara ya pili, anafokewa. Akasema ana malaria, akapima, hana. Akasema ni vidonda vya tumbo. Muda wote huo mkewe anajua biashara inanyooka. Nionavyo mimi, siri ilimchosha kuliko deni lenyewe, maana mchana anauza viatu, jioni anaigiza. Alipokuja kumwambia mkewe, wakaenda wote wawili kwa mkopeshaji kuomba rejesho lipunguzwe na muda uongezwe. Walikubaliwa, kwa masharti, na kwa maandishi. Nendeni hivyo hivyo: kabla ya siku ya rejesho, mkiwa na daftari la mauzo mkononi. Anayekimbia anaonekana tapeli hata kama si tapeli.

Kwa hiyo mtu akiniuliza namna ya kulinda akili yake kwenye biashara, namwambia aanze na tarehe za deni. Mkopo wa kuongeza mzigo uchukue msimu wako unapokaribia, uumalize kabla ya Januari. Ukikosa anayekubali marejesho ya mwezi, kopa kiasi ambacho faida ya Februari inaweza kukilipa. Mnaoweza kuungana kikundi, ipo mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi baadaye. Ina mlolongo wake wa fomu na kusubiri, kwa hiyo ifuatilie wakati mambo ni shwari, usingoje maji yafike shingoni. Kikoba nacho ni kizuri, mradi usiingie kile kinachobeba vyombo vya mtu.

Mikopo ya kwenye simu inatisha zaidi. Kuna programu zinazochota namba zote ulizonazo, na ukichelewa siku moja ujumbe wa kukudhalilisha unamfikia shemeji, mchungaji na mteja wako wa jumla. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya zile zinazokopesha bila leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, basi mwombe akuonyeshe. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kutenganisha pesa ya duka na ya nyumbani mmeshaambiwa na kila mtu, sirudii. Naongeza tu kwamba ujilipe mshahara, hata 5,000 kwa siku, na nyumbani wajue ndicho kilichopo. Kodi ya makadirio nayo inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Biashara ikianguka katikati ya mwaka, nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, na kumbukumbu zako uombe makadirio yapitiwe upya. Wengi wanakaa na hofu ya mwezi mzima kwa jambo la asubuhi moja dirishani. Na fungeni siku moja kwa wiki. Najua mtanibishia, nilibishiwa na wengi, lakini Jumapili sokoni kwetu nusu ya waliofungua wanauziana stori.

Kuna hali ambayo kupanga marejesho peke yake hakuitoshi. Ukikaa wiki mbili hulali, chakula hakipiti, pombe imeongezeka, kila kitu kimepoteza ladha, hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni nzito, na inatibika. Na mawazo ya kujidhuru yakianza kupita kichwani, usihesabu wiki, mwambie mtu leo na mwende hospitali leo. Hapa kwetu Mirembe imekuwa neno la matusi, mtu akikosea chenji anaambiwa arudi Mirembe. Ile ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, ipo hapa hapa mjini, na wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo wapo, wakiwemo wafanyabiashara mnaowauzia. Kama unaogopa kuonekana getini, anzia kituo cha afya cha karibu, wakuandikie rufaa. Mtaje daktari deni pia. Ukimwambia kichwa tu, utapewa dawa ya kichwa.