Fua kanga kabla ya kukata viraka vya mfarishi

Fua kwanza, ndipo ukate. Kwa mfarishi, yaani tandiko la viraka, unaoshonwa Tanga sioni jibu jingine, na sababu kubwa ni mchanganyiko wa vitambaa vyetu. Viraka havitoki kwenye jora moja. Kuna doti mpya kutoka madukani Ngamiani, kuna kitenge kilichobaki kwa fundi, kuna kanga ya bibi iliyofuliwa miaka na miaka, na upande wa chini tunaweka marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Kanga ya bibi imekwisha kurudi zamani, haitapungua tena. Marekani bado haijaonja maji. Ukivishona hivyo hivyo, siku ya kwanza ya kufua kila kimoja kitarudi kwa kiasi chake, mshono utavutwa upande mmoja, na makunyanzi yake hayatanyooshwa na pasi yoyote.

Kama huamini, pima. Kata kipande cha inchi 10 kwa 10, kifue kwa maji ya moto, kianike, kipige pasi, kisha kipime tena pande zote. Kikibaki inchi 9 na nusu, kimerudi asilimia 5, maana yake mfarishi wenye upana wa inchi 60 utapoteza inchi 3. Kitambaa cha pamba mara nyingi hurudi kati ya asilimia 3 na 5, na marekani huweza kuzidi hapo, hasa upande wa urefu. Kwa hiyo nunua marekani ya ziada, usikate kwa kipimo kamili.

Poliesta hairudi, ila isichanganywe na pamba, kwa sababu pasi ya moto inayonyoosha pamba huweza kuiharibu. Ukitilia shaka kitenge, chomoa nyuzi chache uzichome: pamba huacha jivu laini, poliesta huganda kama shanga ngumu.

Rangi ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi. Kanga ya kisutu, pamoja na uzuri wake wote, ni nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, na nyekundu ikichuja huenda moja kwa moja kwenye kiraka cheupe cha jirani. Loweka pembe ya kila kitambaa kipya kwenye bakuli jeupe la maji ya moto kwa nusu saa, kisha ikandamize juu ya kitambaa cheupe kikavu. Kikipata rangi, kitambaa hicho kinafuliwa peke yake. Wengi huloweka kanga kwenye chumvi au siki ili ishike rangi. Kwa kanga ya dukani haisaidii, kwa sababu rangi inayotoka ni ile ya ziada ambayo haikushika tangu kiwandani, na dawa yake ni kuitoa. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, rudia mpaka maji ya kusuuza yabaki meupe. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, tafuta maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, kwa sababu sabuni isiyotoa povu haiondoi rangi hiyo.

Kabla ya kuloweka, tenganisha doti na upige zigizaga au ovaloki kwenye ncha zilizokatwa, la sivyo zitachambuka na utapoteza kitambaa. Usisokote unapokamua. Anika kivulini, na upige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo, ukifuata uzi wa urefu. Usivute kwa mshazari. Kitambaa kilichokauka nusu kisikunjwe na kuwekwa kabatini, hasa wakati wa masika: hewa yetu ya pwani itakitia koga.

Wanaopinga kufua wana hoja moja ya haki. Kitambaa kipya kina wanga, kinasimama, kinakatika sawasawa, na mshono wa robo inchi hautelezi. Urudishe wanga huo basi. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, koroga hadi yawe meupe ya kung'aa, chuja, yapoe, nyunyiza, piga pasi. Mfarishi ukiisha, ufue wanga utoke, kwa sababu mende wanaupenda.

Vipande vidogo vya fundi, chini ya inchi 5, usivifue kwa kusugua. Loweka tu kwenye beseni, kandamiza kwa taulo, piga pasi.

Na mfarishi uliokwisha kushonwa ukichuja, usiuanike. Uzamishe wote kwenye beseni kubwa la maji ya moto na sabuni ya maji ya vyombo, uache kwa muda wa saa 12, ubadilishe maji, urudie. Pasi na jua vikiuwahi kabla doa halijatoka, doa hilo litakuwa gumu sana kuondoa.