Je, kuuza samaki kunavunja kanuni ya kutoua?

SWALI: Bhante, mtawa mheshimiwa, nakusalimu. Nauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Omena, yaani dagaa, nawanunua alfajiri mitumbwi ikirudi, nawaanika juu ya nyavu, kisha napeleka soko la Kibuye na kuwapima kwa kopo la gorogoro. Lakini wako wateja wa kamongo, na huyo hufika akiwa hai. Mimi ndiye humpiga rungu kichwani. Tangu nishike kanuni tano za Kibuddha, ya kwanza ikiwa kutoua, mkono hunitetemeka. Je, biashara yangu yote ni haramu? Nina watoto watatu shuleni.

JIBU: Dada, neno "haramu" tuliweke kando. Unapotamka "panatipata veramani" hakuna aliyekuamuru. Umejitwika mwenyewe zoezi la kujiepusha na kuua. Ukiteleza, unaichukua kanuni upya.

Buddha alifundisha kwamba nia ndiyo karma, yaani tendo lenye kuzaa matunda. Kwa hiyo wazee wa Theravada, madhehebu yetu ya Kibuddha, walitaja mambo matano yanayotimiza tendo la kuua: kiumbe kiwe hai, ujue kiko hai, ukusudie kukiua, ufanye jambo la kukiua, nacho kife kwa jambo hilo. Sasa pima. Omena akifika kwenye beseni lako ameshakufa, na si wewe uliyemuua. Kamongo je? Yote matano yapo, na rungu ni lako. Hapo siwezi kukupunguzia. Huo mtetemeko una jina kwa Kipali: hiri, aibu ya kutenda ovu. Usiutafutie dawa.

Wala usimpe kijana wa ufuoni hilo rungu. Kuagiza kuua ni kuua. Na ukimlipa mwenye mtumbwi pesa za mafuta jioni ili akuvulie usiku, mimi nahesabu umepanda mtumbwini naye. Kununua kilicholetwa kwa yeyote ajaye ni jambo jingine.

Kuna hoja nzito zaidi, sikufichi. Buddha aliwakataza wafuasi wa nyumbani biashara tano: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Nyama imo. Wafafanuzi wa kale walisema maana yake ni kufuga wanyama kama nguruwe ili uuze nyama yao, na kwa kipimo hicho omena mkavu anapita. Mimi tafsiri hiyo naiona nyembamba. Hata hivyo sitamwambia mama wa watoto watatu afunge kibanda kesho. Acha kamongo leo. Mteja akimuulizia, mwambie huuzi tena. Mtaji ukikua, sogea polepole kwenye maharagwe au nyanya.

Halafu, umeona jambo hili? Uposatha kubwa, siku yetu ya kuzidisha mazoezi, huangukia mwezi mpevu, na usiku huo taa za wavuvi hazivuti omena kwa sababu ya mbalamwezi. Mitumbwi imelala, beseni ni tupu. Siku hiyo usihangaike kutafuta samaki wa jokofu. Vaa nyeupe, shika kanuni nane za siku hiyo, kula kabla ya adhuhuri, uketi utulie.